Programu za nje ya duka: sheria inamlazimisha nani, na afanye nini?

Kila inapotoka habari kwamba serikali au mahakama fulani imeitaka Apple au Google "ifungue simu", maswali yanayofuata ni yale yale. Simu yangu sasa itaingiwa na virusi? Nitalazimishwa kupakua vitu kutoka tovuti nisizozijua? Mbona Android imekuwa hivyo miaka yote? Wapo wanaosema serikali inaingilia mali ya watu, na wapo wanaosema hatimaye simu itakuwa ya aliyeinunua. Nimefuatilia mabishano haya kwa muda mrefu, na naona wengi wanabishana juu ya mambo matatu wakidhani ni moja: nani anaamua kitu gani kiingie kwenye simu, nani anakula asilimia ya mauzo, na nani anamlinda mwenye simu dhidi ya matapeli. Mimi naamini serikali zina haki ya kulazimisha, na nitaeleza kwa nini. Lakini kuna hofu moja ya kweli ndani ya mjadala huu, na hiyo nayo tutaitazama kwa karibu.

Kwanza maneno

Programu ni kile unachokigusa kwenye skrini ili upige picha, utume ujumbe au ucheze mchezo. Chini ya programu zote kuna mfumo endeshi, ambao ndio unaosema nani aruhusiwe kutumia kamera, nani aone namba ulizohifadhi, nani ajue uko wapi. iPhone inatumia iOS ya Apple. Simu nyingine karibu zote zinatumia Android, ambayo inatengenezwa na Google.

Duka la programu ni mahali pa kupatia programu: App Store kwa iPhone, Google Play kwa simu nyingi za Android. Hapa ndipo watu wengi hukosea, kwa sababu duka na mfumo endeshi ni vitu viwili. Ukiliondoa duka, mfumo unaendelea kufanya kazi yake ya ulinzi kama kawaida.

Kusakinisha kutoka nje, basi, ni kuweka programu kwenye simu bila kupitia duka la mtengenezaji. Unaweza kuipakua moja kwa moja kutoka tovuti ya aliyeiandika, au kutumia duka jingine. Sheria zinazozungumzwa zinataka mlango huo uwepo. Hakuna hata moja inayomtaka mwenye simu aupite.

Jambo hili si geni kwa mtu yeyote aliyewahi kutumia kompyuta. Kwenye kompyuta za Mac, zinazotengenezwa na Apple yenyewe, unafungua tovuti, unapakua programu, unaiweka. Mashine inakagua kama programu ina sahihi ya kidijitali ya mtengenezaji anayejulikana, inakuonya ikiwa haina, na mwisho wa yote uamuzi ni wako. Kampuni ni moja, wahandisi ni wale wale, ila kwenye Mac mwenye mashine anaachiwa neno la mwisho na kwenye iPhone haachiwi. Ndiyo maana ninapoambiwa kwamba simu haiwezi kufunguliwa bila kuharibika, siridhiki.

Duka lilivyogeuka kuwa lango

iPhone ya kwanza, mwaka 2007, haikuwa na duka kabisa. App Store ilifunguliwa tarehe 10 Julai 2008 ikiwa na programu 500 hivi. Ilikuwa hatua kubwa, na sitaki kuidharau. Kabla ya hapo, kuweka programu kwenye simu ilikuwa kazi ya wajuzi. Duka likamfanya mtu yeyote apate anachotaka kwa kugusa mara mbili, na mwandishi wa programu asiye na jina akapata wateja dunia nzima.

Malipo ya huduma hiyo yaliwekwa kuwa asilimia 30 ya mauzo. Tangu 2021 watengenezaji wadogo, wanaopata chini ya dola milioni moja kwa mwaka, hukatwa asilimia 15. Makato haya ni ya bidhaa za kidijitali: sarafu za mchezo, usajili wa muziki, vitabu vya kusoma kwenye skrini. Ukiagiza viatu au usafiri kupitia programu, duka halichukui kitu. Nimeona watu wakisema Apple inakata asilimia 30 ya kila shilingi inayopita kwenye simu. Si kweli, na kosa hilo huwafanya wapuuzwe hata pale wanapokuwa na hoja nzuri.

Fikiria umenunua nyumba na hati unayo mkononi. Lakini fundi aliyeijenga amebaki getini, na ufunguo wa geti anao yeye peke yake. Samani zote lazima zipite kwake, na nyingine anazikata asilimia. Huwafukuza wezi, hilo ni kweli. Humfukuza pia muuza samani anayeshindana na duka lake, na hana wajibu wa kukueleza sababu. Ulinzi na biashara vimewekwa mikononi mwa mtu mmoja, na wewe uliye ndani huwezi kujua leo amekataa kwa sababu ya kipi.

Programu ya nje inapoingia

Tuangalie kwa karibu. Chukua simu ya Android. Unafungua kivinjari, unagusa linki, faili ya APK, yaani kifurushi cha programu ya Android, inashuka. Unapoigusa, simu inasita: inakuambia kwamba kwa usalama wako haijaruhusiwa kusakinisha programu zisizojulikana kutoka chanzo hiki. Inakupeleka kwenye mipangilio, na huko unakuta swichi moja kando ya jina la kivinjari chako. Zamani swichi hiyo ilikuwa moja kwa simu nzima, yaani ukiiwasha umefungulia kila chanzo. Tangu Android 8 ya mwaka 2017 kila chanzo kina swichi yake. Unaiwasha, unarudi, unagusa Sakinisha. Kwenye simu nyingi Google Play Protect nayo inaichungulia faili kutafuta dalili za programu hasidi.

Faili hiyo imetiwa sahihi na aliyeiandika. Kesho likija toleo jipya, simu inalinganisha sahihi, na kama hazifanani inakataa kuweka toleo hilo juu ya lile la kwanza. Programu ikishawekwa, inakaa kwenye chumba chake. Haioni mafaili ya ndani ya programu ya benki wala ujumbe ulio kwenye programu nyingine. Ikitaka kamera inakuomba. Ikitaka kujua ulipo inakuomba.

Sehemu kubwa ya ulinzi huo unatokana na mfumo endeshi, na ungekuwepo hata kama duka lisingekuwepo. Kazi ya duka ni ya kabla na ya baada: kukagua programu kabla haijaonyeshwa, na kuiondoa ikigundulika ni mbaya. Ni kazi ya maana, ila si ukuta wenyewe.

Ndiyo maana ile imani kwamba "iPhone haiingiliwi kwa sababu kila kitu kinapita App Store" haisimami. Mwaka 2015 programu kadhaa zilizotengenezwa kwa nakala iliyochezewa ya Xcode, chombo cha kuandikia programu za Apple, zilipita ukaguzi zikiwa na msimbo hasidi ndani yake, na WeChat ilikuwa mojawapo. Tukio hilo linaitwa XcodeGhost. Februari 2024, App Store ilikutwa na programu iliyojiita LassPass, ikiiga LastPass, ambayo ni programu ya kutunzia manenosiri, yaani mahali pabaya kuliko pote pa kuwekea bandia. Na mwaka 2021 watafiti wa Citizen Lab walionyesha jinsi Pegasus, programu ya kijasusi, ilivyoingia kwenye iPhone kupitia ujumbe wa iMessage bila mwenye simu kugusa chochote. Hapo hakuna duka lililohusika, na hakuna programu ya nje iliyosakinishwa na mtu.

Hofu ya kweli

Sasa upande wa pili, na hapa naomba msomaji anayekubaliana nami asiharakishe.

Simu inaita. Anayepiga ana sauti ya upole na anasema anatoka benki: kuna mtu anajaribu kutoa pesa zako sasa hivi, tuizuie haraka. Anatuma linki. Onyo la kwanza linatokea, naye anasema, "Ni kawaida hilo, bonyeza endelea." Swichi ya mipangilio inatokea, naye anakuelekeza hadi uiwashe. Programu ikishafunguka, inaomba ruhusa ya zana za ufikivu. Zana hizi zimewekwa kwa ajili ya wasioona vizuri na wenye shida ya kutumia mikono: zinairuhusu programu isome kilichopo kwenye skrini na iguse vitufe kwa niaba ya mtu. Ukishaitoa ruhusa hiyo, kuta za vyumba nilizozieleza hazina maana tena. Programu haihitaji kuvunja ukuta wakati inaona unachokiona. Inasoma nenosiri unapoliandika, inasoma namba ya siri iliyotumwa na benki, na inabonyeza "Tuma" yenyewe.

Anayeibiwa hivi si mjinga. Ametishwa, na anaharakishwa na mtu anayeifanya kazi hii kila siku. Anayesema "watu wazima wajichukulie tahadhari" hajawahi kukaa na mzazi aliyepoteza akiba yake na asiyeweza kulala kwa aibu.

Lakini tazama namna ya kuizuia. Singapore ilisumbuliwa sana na wizi huu, na Februari 2024 Google, ikishirikiana na wakala wa usalama wa mtandao wa nchi hiyo, ilianza kuzuia programu zinazopakuliwa kupitia kivinjari, programu za ujumbe au kidhibiti cha mafaili, ikiwa zinaomba ruhusa chache hatari: kusoma na kupokea SMS, kusoma arifa, na zana za ufikivu. Mchezo, kamusi au kikokotoo kutoka nje hakiguswi. Waliilenga silaha ya tapeli na mlango wakauacha wazi, na huo kwangu ndio ushahidi mzuri kuliko wote kwamba hatulazimiki kuchagua kati ya usalama na uhuru wa kusakinisha.

Pesa, mahakama, na mlango uliokuwa wazi

Agosti 13, 2020, kampuni ya Epic Games iliweka njia yake ya malipo ndani ya mchezo wa Fortnite, kinyume cha masharti ya maduka yote mawili. Siku hiyo hiyo Apple na Google wakauondoa. Kwenye Android mchezaji mpya aliweza bado kuupata kwenye tovuti ya Epic. Kwenye iPhone hakuwa na pa kwenda.

Epic iliwashtaki wote wawili, na matokeo yaliwachanganya watu. Mwaka 2021 Apple, yenye mlango uliofungwa kabisa, ilishinda sehemu kubwa ya kesi: jaji alisema haijathibitishwa kwamba inahodhi soko kwa maana ya sheria, ingawa aliiamuru iwaruhusu watengenezaji kuweka linki za malipo ya nje. Desemba 2023 Google, yenye mlango wazi, ikashindwa mbele ya baraza la wazee wa mahakama. Inawezekanaje?

Kesi moja iliamuliwa na jaji, nyingine na raia wa kawaida, na hilo lina uzito wake. Lakini ushahidi dhidi ya Google ulionyesha pia mikataba na malipo kwa watengenezaji wa simu na wa michezo ili Play ibaki mbele na maduka mengine yasipate nguvu. Mlango ulikuwepo, na pesa zilikuwa zinatumika ili watu wasiupite. Anayetaka sheria iseme tu "ruhusuni" na kuishia hapo, aikumbuke kesi hii.

Ulaya nayo imepata somo la aina hiyo. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya Masoko ya Kidijitali iliwataja walinda lango sita, yaani kampuni kubwa zinazoshika njia ya kuwafikia wateja, mwezi Septemba 2023, Apple na Google wakiwemo, na wakatakiwa kutimiza wajibu wao kuanzia Machi 7, 2024. Inawataka waruhusu programu na maduka ya nje, na papo hapo inawaachia nafasi ya kuchukua hatua za usalama, mradi ziwe za lazima na zisizozidi kiasi. Hilo la pili watu hawalisikii. Sheria haisemi simu iachwe bila kinga. Anayeivunja anaweza kutozwa hadi asilimia 10 ya mapato yake ya dunia nzima.

Apple ikafungua, kwa namna yake. Duka jingine linaruhusiwa barani humo, lakini kila programu bado inapitia ukaguzi wa msingi wa Apple. Watengenezaji waliokubali masharti mapya waliwekewa ada ya senti 50 za euro kwa kila mtu anayesakinisha programu kwa mara ya kwanza katika mwaka, baada ya watu milioni moja wa mwanzo. Piga hesabu: programu yenye watu milioni mbili ilidaiwa euro 500,000 kwa mwaka, hata kama haijapita dukani kwa Apple. Mwanzoni ada hiyo iliwagusa hata wasiopata mapato yoyote, na ni baada ya malalamiko ndipo Apple ilipowaondolea. Na kwa anayetaka kutoa programu yake moja kwa moja kwenye tovuti yake, Apple ilidai awe na rekodi nzuri ya miaka miwili mfululizo na programu iliyosakinishwa zaidi ya mara milioni moja katika Umoja wa Ulaya mwaka uliotangulia. Mwanafunzi aliyeandika kitu kizuri jana hana nafasi hapo.

Aprili 2025 Apple ilipigwa faini ya euro milioni 500 chini ya sheria hiyo. Wengi waliandika kwamba ni kwa sababu ya kukataa programu za nje, lakini faini ile ilihusu kuwazuia watengenezaji kuwaambia wateja kwamba kuna bei nafuu mahali pengine. Ndiyo ile tofauti ya mlango na pesa.

Nchi nyingine zimechagua vipande vyao. Korea Kusini mwaka 2021 ilishughulikia malipo tu. Japani ilipitisha sheria mwaka 2024, ikaanza kutumika kikamilifu Desemba 18, 2025, na yenyewe inadai maduka mengine yaruhusiwe. Marekani muswada ulipita kwenye kamati ya Seneti Februari 2022 kwa kura 20 dhidi ya 2, kisha haukupigiwa kura na Seneti nzima.

"Asiyependa anunue simu nyingine"

Hoja hii naisikia kila mara, na ina mvuto. Tatizo ni kwamba chaguo ni mawili tu, na kuhama kunakugharimu programu ulizolipia, picha ulizopanga, na vifaa vilivyozoeana na simu yako. Soko la wauzaji wawili halijirekebishi lenyewe kwa mteja kunung'unika.

Kuna pia wanaohofia kwamba kampuni kubwa zitaondoka madukani na kutulazimisha tuzifuate nje. Android ina jibu la miaka mingi. Epic ilijaribu mwaka 2018, ikatoa Fortnite nje ya Play, na kisakinishi chake cha kwanza kikakutwa na kasoro ya usalama ndani ya wiki chache. Aprili 2020 ikarudi Play yenyewe, kwa sababu wateja wako huko. Duka zuri halihitaji kufuli ili watu wabaki.

Kwangu, hoja nzito kuliko zote haihusu pesa wala michezo. Lango likiwa moja, anayeweza kumshika mlinzi wa lango amewashika wote. Mwaka 2017 Apple iliondoa programu za VPN, zinazosaidia kukwepa vizuizi vya mtandao, kwenye duka lake nchini China, kwa kufuata sheria za huko. Oktoba 2019 iliondoa HKmap.live, ramani iliyotumiwa na waandamanaji wa Hong Kong. Septemba 2021, siku uchaguzi wa bunge ulipoanza nchini Urusi, Apple na Google waliondoa programu ya kambi ya mpinzani wa serikali Alexei Navalny iliyowaelekeza wapiga kura. Mwenye Android aliweza kutafuta faili kwingine. Mwenye iPhone ambaye hakuwa ameiweka mapema alikuwa amefungiwa nje ya simu yake mwenyewe.

Na Android yenyewe inabadilika. Agosti 2025 Google ilitangaza kwamba kuanzia Septemba 2026, kwa kuanzia Brazil, Indonesia, Singapore na Thailand, simu za Android zilizothibitishwa zitakubali tu programu za watengenezaji waliojisajili kwake kwa utambulisho wao halisi, hata kama programu hazitoki Play. Baada ya kelele nyingi, Novemba mwaka huo ilisema itaweka njia kwa watumiaji wazoefu wanaokubali hatari. Naielewa sababu yake, maana tapeli anayejulikana jina hukamatika. Lakini mwandishi wa programu ya kuwasaidia watu kukwepa udhibiti wa serikali yake hawezi kupeleka kitambulisho chake kwa kampuni ambayo serikali hiyo inaweza kuidai majina. Sheria itakayoandikwa leo ikitaja "duka" na kusahau "usajili" itakuwa imelifungua geti lile lile huku mlinzi akiendelea kushika daftari la majina, na mtu huyo atabaki nje.